Mbwa asiyeshikika na siku ya sindano

Leo naweka pembeni uji wa lishe na homa za usiku, tuongee habari za mbwa. Najua kuna atakayeuliza nesi na mbwa wapi na wapi. Ukikaa siku chache kwenye chumba cha vidonda hapa Kondoa utaelewa. Analetwa mtoto ameng'atwa mkononi, pajani, au shavuni kwa sababu watoto ni wafupi na uso wao uko karibu na mdomo wa mbwa. Tunaosha, tunabembeleza, halafu swali linalofuata ni lile lile: huyo mbwa ana chanjo ya kichaa? Na jibu ninalopata mara nyingi si "tulikataa" wala "hatukusikia tangazo". Mama anainua mabega anasema, "Nesi, yule hashikiki."

Hashikiki. Hilo neno ndilo limenifanya niandike.

Mama mmoja wa upande wa Kolo alinieleza kwa urefu. Tangazo lilipita kwa kipaza sauti, mbwa wote wapelekwe shuleni kesho asubuhi. Baba alikuwa safarini, yeye ana kichanga, akamtuma kijana wake wa miaka tisa na kamba ya katani. Mbwa mwenyewe alikuwa hajawahi kufungwa kamba toka azaliwe. Njia nzima anavutwa kama gunia. Kufika pale kuna mbwa wengine arobaini wanabweka, watu wasiowajua, jua kali. Akajirusha, kamba ikamchuna mtoto viganja, akatoka mbio mpaka nyumbani. Mbwa wa majirani walichanjwa siku ile, wa kwao hapana. Miezi kadhaa baadaye mbwa huyo huyo akamng'ata binti yao mdogo akiwa anachukua sufuria karibu yake. Binti alipata sindano zake zote na yuko salama. Ila wiki zile, mama zangu, yule mama alikuwa halali. Kila mtoto akikataa maji ya kunywa, moyo unamruka.

Kabla sijaendelea na mafunzo ya mbwa, niseme hili kwa yule ambaye mtoto wake ameng'atwa leo, asisubiri mwisho wa post. Osha kidonda sasa hivi kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili, tazama saa. Sabuni ya kufulia ya mche inatosha kabisa. Usipake mafuta ya taa, majivu, kahawa, wala dawa ya kienyeji. Usikifunge kidonda kwa kukaza. Kisha njoo kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama ni mchubuko tu, hata kama mbwa ni wa kwenu. Ukipewa ratiba ya sindano, maliza zote. Na mama mjamzito au anayenyonyesha naye anachomwa chanjo hii, haina kizuizi kwake, maana kuna wanaokaa nyumbani kwa hofu hiyo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara mwisho wake ni kifo, na dalili zinaweza kuchelewa, kwa kawaida miezi miwili au mitatu baada ya kung'atwa. Kwa hiyo mtoto kucheza vizuri wiki nzima hakumaanishi tumevuka. Mbwa mwenyewe, kama mnaweza kumfungia bila hatari, msimuue. Mpeni taarifa afisa mifugo, aangaliwe siku 10. Ila kumwangalia mbwa hakuzuii mtoto kuanza sindano.

Haya, sasa turudi kwa huyo asiyeshikika.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kichaa cha mbwa kinaua watu wapatao 59,000 kwa mwaka duniani, wengi Afrika na Asia, na karibu wote kutokana na mbwa. Katika kila watu 10 wanaong'atwa na mnyama anayeshukiwa, wanne ni watoto chini ya miaka 15. Dawa yake kubwa haiko hospitalini kwangu. Iko kwenye shingo ya mbwa. Kijiji kikichanja mbwa 7 katika kila 10, ugonjwa unakosa pa kupita. Hii si nadharia ya Ulaya, imefanyika kwetu hapa hapa. Vijiji vinavyozunguka Serengeti vimechanja mbwa kwa miaka mingi. Pemba waliumaliza ugonjwa mwaka 2014, ukarudi 2016, wakachanja tena, na 2018 wakaumaliza kwa mara nyingine. Sasa piga hesabu: kama wale watatu wanaobaki bila chanjo ndio wale wakali, wale wasioshikika, basi tumewaacha wale wale wenye meno ya haraka. Na mbwa anayekimbia siku ya chanjo anarudi kulala mlangoni kwako, si mlangoni kwa afisa mifugo.

Mbwa wa kwetu hashikiki kwa sababu hajawahi kushikwa. Anatupiwa ugali kwa mbali, anafukuzwa kwa jiwe akisogea jikoni, usiku analinda mbuzi fisi wasije. Hiyo ndiyo ajira yake yote. Halafu siku moja tunataka akubali kamba, umati, na mtu mgeni amchome. Hata mimi ningeng'ata.

Najua pia la dini, na hapa Kondoa wengi wetu ni Waislamu, tusilipite kimya kimya. Wengi wanaogopa kumgusa mbwa kwa sababu ya najisi. Mimi si ustadhi, muulize wako. Ila nimesikia mashehe wetu wakieleza kwamba shida ni ule unyevu, hasa mate, na kwamba kufuga mbwa wa kulinda mifugo na shamba kumeruhusiwa. Mafunzo nitakayoeleza unaweza kuyafanya umevaa glovu au umezungushia mkono kipande cha kanga kuukuu, mbwa akiwa mkavu, chakula ukimwekea chini badala ya mkononi. Ombi langu moja tu kama nesi: mtoto aking'atwa, kidonda kwanza kwa sabuni na maji. Udongo usiingie ndani ya kidonda, una hatari ya pepopunda. Ya tohara muulize ustadhi baada ya hapo.

Mafunzo yenyewe mnayajua tayari, nyie mama, ila mnayafanyia watoto. Kumbuka kliniki. Mtoto anayefika kliniki kila mwezi kupimwa uzito, anamjua nesi, anajua mzani, halii sana kama yule anayeletwa mara moja kwa mwaka. Na siku ya chanjo tunakwambia umpakate, umnyonyeshe wakati sindano inaingia. Si kumdekeza. Ziwa na mwili wa mama vinapunguza maumivu kweli, na Shirika la Afya Duniani limelishauri hilo rasmi. Mbwa naye ni hivyo hivyo: azoee mkono kabla ya sindano, na wakati wa sindano awe na kitu kitamu na mtu anayemwamini kichwani kwake.

Anza wiki tatu au nne kabla. Anayefundisha awe mtu mzima, mmoja, na ikiwezekana ndiye atakayempeleka. Mtoto anaweza kutazama kwa mbali. Chagua saa mbwa ana njaa, jioni kabla hajala. Tafuta kitu anachokipenda kuliko chakula chake cha kawaida. Kwetu dagaa wachache wanatosha, au ukoko wa ugali uliochovya mchuzi wa nyama. Usiwe unampa hivyo vitu siku nyingine bure, vitapoteza thamani.

Siku za kwanza hakuna kumshika. Chuchumaa ubavu, usimkodolee macho, mwekee dagaa mmoja, ondoka. Akianza kukufuata kwa hamu, ndiyo umepata mlango. Hapo mguse begani sekunde moja, dagaa. Begani tena, dagaa. Mpangilio ni huo, mguso kwanza halafu chakula, ili kichwani mwake mkono wako uwe habari njema inayokuja. Ukigeuza, chakula kwanza halafu mguso, unamfundisha kwamba chakula ni mtego. Watu wengi wanakosea hapo tu.

Kutoka begani nenda shingoni, mgongoni, masikioni, miguuni, kwenye paja la nyuma. Shingo na paja ndiko sindano inakoenda: kwa kawaida chini ya ngozi ya shingo, wakati mwingine kwenye nyama ya paja. Kwa hiyo zoea kuvuta ngozi ya shingo taratibu kwa vidole viwili, dagaa, achia. Baada ya siku kadhaa gusa ngozi hiyo kwa kalamu iliyofunikwa, dagaa. Baadaye bonyeza kidogo. Mbwa aliyebonyezwa kwa kalamu mara 30 nyumbani, sindano kwake inakuwa kalamu ya thelathini na moja, kali kidogo. Vipindi viwe vifupi, dakika tano, mara mbili kwa siku. Acha akiwa bado anataka zaidi. Hii si kazi ya kumaliza siku moja kama kufua.

Kamba ina somo lake, na ndiyo inayoharibu wengi. Usimfunge kamba mara ya kwanza siku ya chanjo, nakuomba sana. Mvalishe mkanda mpana wa kitambaa shingoni, usiobana, vidole viwili vipite. Mwache azunguke nao nyumbani siku mbili tatu. Kisha funga kamba, aiburuze ukiwa unamwona ili isinase. Kisha shika mwisho wake, tembea hatua tatu, akija, dagaa. Akigoma usivute, simama, mwite, legeza kamba. Kitanzi kinachokaza shingoni kikivutwa kinamfanya ajione ananyongwa, na mbwa anayejiona ananyongwa anapigana.

Akishatembea na kamba, mpeleke pale pale chanjo inapofanyikaga. Uwanja wa shule, ofisi ya kijiji, josho, popote kwenu. Mpeleke siku ambayo hakuna kitu. Anusenuse, ale dagaa wake, mrudi. Fanyeni mara tatu nne. Muombe jirani mtulivu, mbwa hamfahamu sana, amguse mgongoni huku wewe unamlisha. Kama afisa mifugo wenu ni mtu wa watu, mwombe siku akipita amsalimie mbwa bila sindano. Wengi wanakubali, nao wanachoka kung'atwa.

Ya mdomo nayo tusiyaogope. Mbwa akiwa na historia ya kung'ata, kumfunga mdomo ni usalama wa kila mtu, si ukatili, ila azoezwe. Chukua bandeji pana au utepe wa kitambaa laini, fanya kitanzi, zungushia pua yake taratibu, dagaa, toa. Siku nyingine kaza kidogo. Siku nyingine vuka kidevuni, fungia nyuma ya masikio fundo la kufunguka haraka. Iwe dakika chache tu, na kamwe usimwache nayo juani. Mbwa hatoi jasho kama sisi, anapoa kwa kuhema mdomo wazi. Ukimfunga mdomo kwenye jua la Kondoa la saa sita unaweza kumuua.

Sasa jifunzeni kusoma mbwa, na hapa waiteni watoto wasikilize. Mbwa haanzi kwa kung'ata. Anaanza kwa kugeuza kichwa pembeni. Analamba pua wakati hakuna chakula. Anapiga miayo na hana usingizi. Masikio yanalala nyuma, mkia unaingia katikati ya miguu, unaona weupe wa jicho pembeni. Halafu anaganda kama sanamu, na huo ukimya ndio wa hatari zaidi. Ukiona vitu hivyo kwenye mafunzo, umekwenda haraka. Rudi hatua mbili nyuma, gusa pale alipokuwa anakubali, malizia hapo. Akinguruma, usimpige. Mama, nisikie vizuri hapa. Mngurumo ni mbwa anasema "bado, naogopa". Ukimpiga kila akinguruma ataacha kunguruma, na utampata mbwa anayeng'ata bila kutoa taarifa. Tunawaona watoto waliong'atwa na mbwa wa aina hiyo, na mzazi anaapa kabisa, "hakutoa hata sauti".

Kwa anayeanza na mbwa mchanga, kazi ni nusu. Kati ya wiki ya tatu na kama ya kumi na mbili akili yake iko wazi, anachokutana nacho kwa wema wakati huo hakiogopi ukubwani. Mshike kila siku, mtazame meno, mguse makucha. Chanjo yake ya kwanza kwa kawaida ni miezi mitatu, halafu marudio kila mwaka. Lakini kampeni ikipita kijijini mpeleke hata kama hajafika miezi hiyo. Shirika la Afya Duniani linashauri kampeni zichanje mbwa wote, hata wadogo kabisa, na afisa atakwambia lini arudie.

Siku yenyewe ikifika. Asile asubuhi, au ale kidogo, ili dagaa wawe na maana. Ondokeni mapema kabla ya umati na jua. Aende mtu mzima. Kijana wa miaka tisa anaweza kumjua mbwa kuliko baba yake, ni kweli, na kampeni nyingi ni watoto ndio wanaoleta mbwa. Lakini mtoto hana uzito wa kumzuia akiruka, na uso wake uko palepale. Akitaka kwenda, aende na mkubwa, yeye abebe dagaa.

Msipange foleni katikati ya mbwa. Simama pembeni chini ya mti, mtume mtu akushikie nafasi. Zamu ikifika mwambie mchanjaji ukweli: "huyu anaogopa", au "huyu aliwahi kung'ata". Hakuna aibu, anahitaji kujua. Wewe kaa kichwani, shika kamba karibu na shingo, geuza uso wa mbwa upande wako, mkono mwingine unatoa dagaa mmoja mmoja mfululizo. Mchanjaji aje kwa nyuma au ubavuni, asimwinamie kwa mbele. Ongea sauti yako ya kila siku. Ukianza kupiga kelele "tulia! tulia!" yeye anasikia kwamba hata wewe umeogopa. Sindano ni sekunde mbili. Endelea kumlisha baada yake, kisha mwondoe hapo kabla hajajiuliza kimetokea nini.

Na kama imeshindikana, ameanza kupambana watu watatu wanamkalia juu, simamisha. Mtoe nje, apumue robo saa, mrudishe. Ikishindikana kabisa, muombe afisa mifugo aje nyumbani siku nyingine au akushauri dawa ya kumtuliza. Usimpe dawa za binadamu kutoka kwenye kabati lako, tafadhali. Piriton, nusu ya sijui nini, hapana. Mbwa aliyelaliwa na watu watatu mwaka huu, mwaka kesho hutamwona hata kivuli chake siku ya tangazo.

Akirudi nyumbani anaweza kupooza kidogo, kulala sana, au kuwa na kauvimbe pale alipochomwa. Siku moja mbili vinaisha. Mpe maji, kivuli, na watoto wasimtomase shingo. Akivimba uso au kupumua kwa shida ndani ya saa za mwanzo, mpigie aliyemchanja mara moja. Kadi yake iandike jina na rangi ya mbwa, tarehe, na iweke kwenye mfuko mmoja na kadi za kliniki za watoto, maana siku nikikuuliza dirishani utakuwa na haraka.

Wiki moja baada ya chanjo rudisha dakika zako tano za jioni. Shingo, paja, dagaa. Mara mbili kwa wiki zinatosha kumweka hivyo hivyo mpaka mwakani.

Nyie wa Pahi, Haubi, Bereko na huku mjini, muulizeni afisa mifugo wa kata yenu mapema tarehe zao, msingoje kipaza sauti. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni tarehe 28 Septemba, na sehemu nyingi chanjo hupangwa karibu na hapo. Post ijayo narudi kwenye ahadi yangu, mtoto anayekohoa usiku na lini umlete.